Mjane au Msichana Mtoro: Shujaa Yupi Anafaa Zaidi?

Riwaya za mapenzi zinazosimulia Uingereza ya miaka ya 1811 hadi 1820, wakati mwanamfalme George alipotawala kwa niaba ya baba yake mgonjwa, humleta mwanamke jasiri kwa sura mbili kuu: mjane mwenye mali na msichana aliyetoroka kwao.

Mjane ana sheria upande wake. Mke alihesabiwa kuwa chini ya mumewe, na fedha alizokuja nazo zikawa za mume, lakini mume akifa aliweza tena kumiliki mali na kutia saini mikataba kwa jina lake mwenyewe. Kwa hiyo anapokataa posa, msomaji anaelewa vizuri anachokilinda. Msichana aliye chini ya miaka 21, kwa sheria ya mwaka 1753, hakuweza kuolewa kwa leseni, yaani kibali cha ndoa cha kanisa, bila idhini ya mzazi, ndiyo maana wapenzi watoro hukimbilia Gretna Green, kijiji kilicho ng'ambo ya mpaka wa Uskoti, ambako sheria hiyo haikufika. Safari hizo za usiku kwa magari ya farasi husisimua, ingawa mara nyingi uhuru wa msichana huyo huishia mikononi mwa mwanamume wa kwanza anayemwokoa. Mimi humchagua mjane, kwa kuwa kwake mapenzi yana gharama halisi.