Programu ya kupakia picha za vyakula: imeniaibisha, na bado sijaifuta

"Imefanikiwa." Kwa maandishi ya kijani, na alama ya vema pembeni. Nauliza, imefanikiwa kufanya nini?

Hilo ndilo neno nililoachiwa na programu hii usiku nilipomaliza kupakia picha zangu kwenye Open Food Facts, ile hifadhidata huria ya vyakula mtandaoni. Zilikuwa mia moja na kitu. Zote ziliingia, haikukataliwa hata moja. Nikalala usingizi mnono. Kesho yake nikafungua ukurasa wa chokoleti yenye karanga, nijisifie kidogo. Mbele chokoleti. Shuka chini kwenye viambato: unga wa ngano, sukari, mafuta. Karanga haipo. Hiyo ilikuwa lebo ya biskuti! Na biskuti zenyewe nilipozitafuta sikuziona popote, kana kwamba sikuwahi kuzipiga picha.

Sasa fikiria mtu mwenye mzio wa karanga ndiye amefungua ukurasa huo.

Nieleze ilivyokuwa, maana nilikaa siku nzima kuchimbua. Programu inakutaka upige picha kwa mfuatano: kwanza msimbopau (ile mistari myeusi yenye tarakimu chini yake), halafu upande wa mbele, viambato, jedwali la virutubishi, kisha bidhaa inayofuata. Kila ikikutana na msimbopau inafungua bidhaa mpya, na picha zote zinazofuata inazitia humo mpaka ikutane na mwingine. Ni akili nzuri, sikatai. Nani anataka kuandika tarakimu 13 kwa mkono, bidhaa thelathini? Lakini msimbopau mmoja usiposomeka, programu haisimami. Inaendelea kumimina picha za bidhaa ya pili ndani ya bidhaa ya kwanza, na picha ya viambato iliyofika mwisho ndiyo inayowekwa juu. Msimbo wa biskuti haukusomeka, basi biskuti zikamezwa na chokoleti.

Kinachonichemsha ni kwamba mashine ilijua. Tarakimu ya mwisho ya msimbopau ni ya ukaguzi: unazidisha zile 12 za mwanzo kwa 1 na 3 kwa kupokezana, unajumlisha, na ya 13 ndiyo inayofikisha jumla kwenye makumi kamili, kama 70 au 80. Ndiyo maana ni vigumu msimbo kusomwa vibaya bila mashine kushtuka. Kwa hiyo haikukosea kusoma. Haikusoma kabisa, ikanyamaza, ikanipa rangi ya kijani.

Nikamwandikia anayeitunza programu. Kwa adabu, tena nilianza kwa kumshukuru. Jibu lake nalinakili lilivyo: "Ndugu, picha yako ina ukungu. Jifunze kupiga picha kwanza." Basi. Hakuna pole, hakuna "tutaangalia". Jifunze kupiga picha! Mimi niliyeinama juu ya meza usiku kucha nikigeuza pakiti huku na huku ili taa isimulike kwenye plastiki!

Na kibaya zaidi, nilipoifungua ile picha nikaikuza, ukungu ulikuwepo. Kivuli cha kidole gumba changu kimelala katikati ya mistari. Hilo ndilo linalouma. Angekuwa mwongo ningemsahau jioni ile ile.

Lakini hata kama kosa la picha ni langu, kosa la kunyamaza ni la nani? Hifadhidata yenyewe sina ugomvi nayo. Iko wazi tangu ilipoanza Ufaransa mwaka 2012, mtu yeyote anaongeza, mtu yeyote anarekebisha, na data zake ni huru kuchukuliwa na programu nyingine. Uhuru huo ndio uliofanya nikaanza kujitolea, na ndio ulionifanya nitokwe jasho asubuhi ile, kwa sababu kosa langu halikai kwangu. Linachotwa na wengine pamoja na yaliyo sahihi. Jedwali la virutubishi likiandikwa kutoka kwenye picha isiyo yake, hata herufi ya Nutri-Score, ile ya A hadi E inayoonyesha ubora wa lishe wa chakula, inaweza kutoka ya bidhaa nyingine. Chombo kinachomimina mamia ya picha mahali kama hapo kinapaswa kuwa na ukurasa mmoja tu kabla ya kutuma: hizi nne ni za bidhaa hii, hizi nne za ile, sawa? Kitufe kimoja. Sijaomba mwezi.

Nilitaka kuishia hapo na nyota moja. Ila nilipoanza kurekebisha kwa mkono nikakumbuka maisha kabla ya programu hii: fungua bidhaa, chagua picha, kata kingo, zungusha, hifadhi, rudia mara nne, nenda bidhaa nyingine. Bidhaa tano zilinichosha kuliko zile thelathini. Na nilipofika kwenye chokoleti nikakuta mtu nisiyemjua ameshairudisha lebo yake, na zile biskuti amezifungulia ukurasa wao. Hakuniandikia neno. Huyo ndiye angepaswa kujibu barua za watumiaji.

Basi nyota mbili. Tatu siku ambazo silikumbuki lile jibu.

Juzi nimepakia tena, bidhaa kumi na mbili, kidole gumba nimekiweka mbali kabisa. Imefanikiwa, kijani. Nikafungua kurasa zote kumi na mbili, mmoja baada ya mwingine.