Wiki 12 za Kuutafuta Mkono Wangu: Uzoefu Wangu na Kozi ya Juu ya Rangi za Mafuta

Nilijiunga na kozi hii nikiwa nimechora kwa rangi za mafuta kwa miaka 9. Kazi zangu zilikuwa safi na zilisifiwa, lakini ukizichanganya na za wenzangu watatu, hata mimi ningesita kidogo kabla ya kuzitenga. Uwiano upo, vivuli viko mahali pake, ngozi inaonekana ngozi. Mwenye kazi ndiye hayupo.

Ni kozi ya wiki 12 kwa njia ya intaneti, kwa watu ambao tayari wanajua kuchanganya rangi na kulijenga umbo kwa mwanga na kivuli. Kama bado unahangaika na hayo, subiri kwanza. Hapa hakuna atakayekurudisha nyuma kukuonyesha.

Siku ya kwanza hatukugusa brashi. Mwalimu alitutaka tutandaze sakafuni kazi 20 za zamani, zikiwemo zilizotushinda, tuandike kinachojirudia bila kutaja kitu kilichochorwa. Nililiona zoezi la kupoteza muda. Saa moja baadaye nilikuwa nimepiga magoti katikati ya turubai nikitazama jambo ambalo sikuwahi kuliona. Katika zile kazi nilizoziacha njiani, mapigo ya brashi yalikuwa mapana, yamekatwa ghafla, na rangi imelundikana upande wa mwanga. Katika zilizokamilika, yote hayo yalikuwa yamelainishwa hadi yakapotea. Kumbe saa za mwisho za kila kazi nilizitumia kujifuta. Kwangu mimi, kozi nzima ingeishia hapo na bado ningeshukuru.

Kuanzia wiki ya 2 hadi ya 4 tulibanwa kwenye rangi 4 tu: nyeupe, oka ya njano (njano iliyofifia ya udongo), nyekundu ya vermilioni (nyekundu kali) na nyeusi. Mpangilio huu huitwa kwa jina la Anders Zorn, mchoraji wa Uswidi (1860–1920). Bluu haimo. Lakini nyeusi ikichanganywa na nyeupe hutoa kijivu chenye ubaridi, na ukikiweka kando ya nyekundu na njano, jicho linakipokea kama bluu. Nyeusi hiyohiyo ukiitia oka, inakupa kijani kilichofifia. Hayo nilikuwa nimeyasoma zamani. Kuishi nayo wiki tatu ni habari nyingine kabisa. Rangi zilipopungua, sikuwa na pa kujificha. Maamuzi yaliyobaki yalikuwa ya unene, ya joto na ubaridi, ya ukingo upi uwe mkali na upi uyeyukie nyuma. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mara zote navuta vivuli vyangu kuelekea kwenye joto, hata pale macho yanaponiambia vingine.

Kisha likaja jagi. Jagi moja jeupe, mara 15, turubai za ukubwa mmoja. Mchoraji Mfaransa Claude Monet aliyarudia malundo ya nyasi kwenye turubai zipatazo 25 kati ya 1890 na 1891, ila yeye alikuwa akiufuata mwanga unaobadilika. Sisi tuliuacha mwanga palepale tukabadilisha mkono: jagi moja kwa kisu peke yake, jingine kwa brashi pana ya manyoya magumu ya nguruwe, jingine kwa dakika 20, jingine kwa kumbukumbu. Kufikia la 6 nilikuwa nimelichoka jagi lile kupita kiasi. Kwenye la 9 nilikwangua kivuli chote kwa kisu kwa sababu kilikuwa kimechafuka, nikakuta chini yake kahawia ya tabaka la kwanza imebaki kama utando. Nikaiacha. Upande wa mwanga rangi nene, upande wa kivuli karibu turubai tupu. Kivuli chembamba na mwanga mnene ni jambo la kale, Rembrandt, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17, alilifanya. Lakini sikulichukua kwake wala kwa mwalimu, lilitoka kwenye mkono wangu uliochoka, na tangu siku ile sijaliacha.

Sasa kasoro, na si ndogo. Kanuni ya kuweka tabaka lenye mafuta mengi juu ya lenye mafuta machache ilipitiwa kwa haraka mno. Rangi ya mafuta haikauki kama maji. Mafuta ya kitani hushika hewa ya oksijeni na kugeuka kuwa utando mgumu, na kila rangi ina mwendo wake. Amba, ile kahawia ya udongo, hukauka upesi, nyeusi huchelewa. Kwenye kazi moja nilipaka amba iliyopunguzwa mafuta kwa tapentaini juu ya nyeusi nene iliyokuwa bado laini chini. Miezi michache baadaye juu pakapasuka nyufa nyembamba kama nywele. Kosa ni langu, lakini kozi inayomhimiza mtu kulundika rangi ingelipa jambo hili wiki nzima.

La pili: ikifika wiki ya 10, karibu nusu ya kundi tulikuwa tunapiga brashi kama mwalimu. Yeye huchora mbele yetu kila wiki, na anachora vizuri kiasi kwamba huwezi kumtazama halafu mkono wako ubaki ulivyo. Niliacha kutazama maonyesho yake hadi nimalize zoezi langu, na ilinisaidia sana.

Maoni yake ni ya kina, hayana kupakana mafuta, ila anayatoa kwa kutazama picha, na picha iliyopigwa kwa mbele huilaza rangi nene ikaonekana bapa. Mara mbili alinishauri niongeze unene pale ambapo tayari ulikuwa umezidi. Ukijiunga, mtumie picha mbili za kila kazi: moja ya mbele, nyingine taa ikiwa ubavuni, chini kidogo, ili kila pigo la brashi litupe kivuli chake.