Miezi sita na TimeSlips kwa wazee wenye dimenshia: nyota nne

Kama unataka kujitolea kuongoza vipindi vya sanaa kwa wenye dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu, soma hii kwanza. Mi natumia njia ya TimeSlips, ya kutunga hadithi pamoja kutokana na picha, ile alioanzisha Anne Basting kule Marekani mwaka 1998, na kwa kweli naipenda sana.

Unaonesha kikundi picha moja isiyo ya kawaida, mfano yangu ilikuwa mtu kabeba ngazi katikati ya uwanja mtupu, alafu unauliza huyu nani, anaenda wapi, hapo kunanukia nini. Neno "unakumbuka" huligusi kabisa. Kila jibu unaliandika vilevile lilivotoka, hata likiwa sauti tu au ishara ya mkono, na kila baada ya muda unawasomea hadithi ilipofikia. Uzuri wote uko hapo, maana ukimuuliza mzee unakumbuka na akakosa unamuona kabisa anavonywea, ila ngazi inaenda wapi kila mtu anaweza kujibu na hakuna wa kumwambia kakosea.

Kuna bibi alikaa wiki tatu hasemi kitu, ya nne nikauliza ngazi ya nini, akasema "ya kumshusha mama." Mzee wa pembeni akadakia, "basi ishikeni vizuri." Nikaandika zote mbili, nilipowasomea bibi akaitikia kwa kichwa kila mstari.

Vifaa ni picha, karatasi kubwa na kalamu nene, basi. Ila picha iwe kubwa na isijazwe vitu, maana kwa wengine ugonjwa unavuruga hata jinsi ubongo unavoelewa kinachoonekana, sio kumbukumbu peke yake.

Nyota moja naipunguza kwa sababu ya kituo nilikopangwa. Maelekezo nusu saa tu, hakuna alietwambia tufanyeje mzee akianza kulia anataka kwenda kwao, nikaja kufundishwa na muuguzi mmoja kwamba usibishane nae, muulize kwao kukoje, umsikilize. Alafu walikuwa wanabadilisha watu wa kujitolea kila wiki, jambo lililoniuma mno, wazee jina wanasahau lakini sura na sauti wanaanza kuizoea na wakiizoea wanafunguka, sasa ukiwaletea mgeni kila Jumanne mnaanza upya.

Na ombeni muwe wawili, mmoja aulize mwingine aandike. Nikiwa peke yangu kuna majibu yalinipita, nikimrudia alosema anakuwa ameshasahau.