Filamu fupi tano uani Msasani, elfu tano, na bi mkubwa aliyebishana na skrini

Jumamosi nilimbeba bi mkubwa tukaenda kuangalia filamu fupi za vijana wa hapahapa Dar, uani kwenye nyumba moja huku Msasani, sio mbali na ilipokuwa ile drive-in ya zamani ambapo sasa ni ubalozi wa Marekani (enzi zao walikuwa wanaenda wamejazana kwenye Peugeot ya mjomba, hiyo stori nyingine). Kiingilio elfu tano, viti vya plastiki, shuka jeupe ukutani. Tangazo linasema saa moja, wameanza saa mbili na robo, na mbu hawakusubiri.

Filamu zilikuwa tano, zote za sehemu fulani na mtu anayeihusu, au ndo walivyotuahidi. Ya kwanza Kariakoo, droni mwanzo mwisho, kinanda cha huzuni, sauti nzito inatuambia Kariakoo ni moyo wa jiji, sawa kaka, sasa wewe ni nani na Kariakoo umeachia nini? Hakuna. Ya Coco Beach ni wapenzi wawili na mihogo, mihogo iliigiza vizuri zaidi.

Afu ikaja ya pantoni. Huyu dogo kamera kaiweka chini kabisa usawa wa miguu, Magogoni kwenda Kigamboni, unaona kandambili, tairi la baiskeli ya madafu, wadada wa ofisini wenye viatu vizuri kwenye mfuko wa rambo, na ule mlango wa pantoni unavyokwaruza zege kabla haujatulia watu washaanza kushuka, yani sauti ile nimeivuka miaka minne ya sekondari nikajikuta nimenyanyua miguu yangu mwenyewe. Anasimulia habari za mama yake anayechukua samaki soko la Feri, palepale Magogoni. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa 2016 majirani wakasema pantoni kwishney, mama akawajibu daraja linatokea Kurasini, samaki wako Feri, na mia mbili ya pantoni ni mia mbili. Basi, hajafafanua zaidi ya hapo na ndo utamu wake.

Ila iliyoniua ni ya Magomeni Kota. Mnakumbuka zile kaya 644 zilizotolewa nyumba zikabomolewa, wakapanga huku na kule miaka kumi hivi mpaka maghorofa yakazinduliwa 2022. Binti kamchukua bibi yake kamwambia nionyeshe mlikuwa mnaishi wapi. Bibi anatembea kwenye maegesho ya magari anahesabu hatua, hapa mlango, hapa jiko, kule mti wa mkungu, hapa babu yako alikuwa anaweka redio, na pale pa redio pamepaki IST nyeupe. Anaizunguka ile gari taratibu kama vile anakwepa meza. Kamera haikati, muziki hamna, unasikia ndala tu.

Hapo ndo bi mkubwa akapaza sauti, "Aka! Mkungu haukuwa huko, ulikuwa huku kwa mama mkubwa!" Uwanja mzima ukageuka, nikataka kuingia chini ya kiti.

Lalamiko langu kubwa ni tafsiri. Bibi anasema pale Kota tuliishi kwa kusikilizana, anacheka, maana kuta zilikuwa nyembamba mpaka unasikia jirani anasonga ugali, wao wakaandika kwa Kiingereza kwamba waliishi kwa amani. Utani wote umekufa, wazungu wawili mbele yetu wakatikisa vichwa kwa heshima kama wako msibani. Na mkikaa nyuma hata hayo maandishi hamyaoni, ni visogo tu, kwahiyo wahini mbele.

Ya tano ya treni ya Dodoma, jenereta likazima katikati wakairudisha mwanzo, mi nikasinzia, sitamsema mtu.

Maswali na majibu hayakufanyika kiukweli, sababu yule binti wa Kota alimfuata bi mkubwa moja kwa moja, "shikamoo mama, mlikuwa upande gani?" wakachorana ramani kwenye mchanga kwa kijiti, vijana wengine wamesimama na maiki mkononi wanasubiri.

Elfu tano nitaitoa tena. Bebeni mtandio wa mbu na sambusa zenu, za pale zilishapoa. Kwenye bajaji bi mkubwa kaniuliza mara mbili kama yule binti anaweza kurudi kuurekebisha ule mkungu.