Kadi za Pokémon: ipi ununue kwanza, na ipi uiache dukani

Mpwa wangu ana miaka tisa. Siku moja nilimpelekea kadi 55 za Pokémon, zote za rangi ya dhahabu, nilizozipata dukani kwa bei ya sahani mbili za chipsi mayai. Akazipokea kwa mikono miwili, akatoa moja, akaipinda kidogo kwa kidole gumba. Ikalia kama karatasi ya biskuti. "Mjomba, ahsante," akasema kwa upole, "ila hizi siyo zenyewe." Kisha akanionyesha jina Pokémon lilivyoandikwa bila kale kamstari juu ya e.

Kuumbuliwa na mtoto wa darasa la tatu kunamfanya mtu asome. Haya ndiyo niliyoyapata, nayaandika kwa mjomba, shangazi au mzazi aliyetumwa "kadi za Pokémon" bila kuelezwa ni zipi, pengine mwenye ndugu anayerudi kutoka safari kesho asubuhi na anayetaka kuambiwa sasa hivi anunue ipi. Nimezipanga kuanzia ile ningeinunua leo hadi ile ambayo hela yangu haitaigusa tena.

Kwanza ujue kitu chenyewe kilivyozaliwa, maana ndicho kilichonipa mpangilio huu. Satoshi Tajiri, aliyekulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, utotoni alikuwa mtu wa kukamata wadudu. Mchezo alioubuni kwa ajili ya Game Boy, mashine ndogo ya michezo ya kushika mkononi, ulitoka Japani tarehe 27 Februari 1996 ukiwa wa aina mbili, Nyekundu na Kijani, na kila mmoja ulikuwa na pengo: kuna vijidude (ndio Pokémon wenyewe, unaowakamata) ambavyo huvipati kwako, viko kwa mwenzio tu. Ili ukamilishe, ilibidi umtafute mtu, muunganishe mashine zenu kwa waya, mbadilishane. Kadi zikafuata Oktoba mwaka huohuo na tabia ileile. Leo vijidude vimeshapita 1,000, kuna katuni, sinema, na ule mchezo wa simu wa 2016, Pokémon GO, uliowatoa watu ndani wakawa wanazunguka mitaani na simu usoni. Lakini kadi ikikaa peke yake kabatini ni karatasi tu. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, uliza: atacheza na nani?

Ya kwanza: boksi la Battle Academy

Hili ndilo la mtoto asiye na mwenzake anayejua mchezo, yaani watoto wengi wa huku kwetu. Ndani kuna seti tatu kamili za kadi 60, ubao wa kupangia, na kijitabu kinachowaongoza wachezaji wawili hatua kwa hatua katika mchezo wao wa kwanza. Hakuna cha kuongeza. Unafungua, mnakaa mkekani, mnaanza.

Mchezo wenyewe siyo mgumu. Kila mmoja anachanga kadi zake 60, anachukua saba mkononi na kuweka sita pembeni kama zawadi. Ukikiangusha kijidude cha mwenzio kwa kawaida unachukua zawadi moja, na anayezimaliza zake kwanza ameshinda. Aliyekulia kwenye arubastini ataelewa ndani ya nusu saa. Shida ni lugha. Kadi zinachapwa kwa Kijapani, Kiingereza, Kireno, Kithai, Kiindonesia na nyinginezo, Kiswahili hakimo. Lakini nimemsikia mpwa wangu akimsomea dada yake mdogo, "Hii imelala usingizi, haipigi, rusha shilingi tuone kama itaamka," nikaona hata hilo si tatizo. Kiingereza cha kadi kinaingia kichwani haraka kuliko cha daftari.

Ya pili: seti iliyokamilika ya kadi 60

Kama tayari ana mwenzake shuleni au mtaani, usinunue boksi kubwa. Nunua seti moja iliyopangwa tayari kiwandani, au mbili zikiwa ni ndugu wawili, la sivyo utakuwa umenunua ugomvi. Zipo za wanaoanza na zipo kali zaidi za wanaoshindana. Kwa mtoto mwenye ndoto za mashindano rasmi, angalia kona ya chini kushoto ya kadi: kuna herufi ndogo. Hiyo ndiyo inayoamua kama kadi inaruhusiwa mashindanoni, na herufi za zamani huondolewa kadiri miaka inavyokwenda. Wa kucheza barazani hiyo herufi haimhusu.

Usichanganye za Kijapani na za Kiingereza katika seti moja. Migongo yake haifanani, na mpinzani atajua unachokivuta kabla hujakifunua.

Ya tatu: kadi moja moja

Hapa ndipo watu wengi hupapita bila kupaona. Mtoto anakipenda kijidude kimoja, tuseme Gengar? Mnunulie Gengar. Kadi nyingi za kawaida zinauzwa moja moja kwa bei ya chini kuliko pakiti iliyofungwa usiyojua kilichomo, na unapata kile unachokitaka bila kubahatisha.

Ila jifunze kusoma alama, usiibiwe kwa mng'ao. Karibu na namba ya kadi, chini, kuna umbo dogo: duara ni ya kawaida, almasi ni ya wastani, nyota ni adimu, na nyota zikiongezeka au zikiwa za dhahabu inazidi kuwa adimu. Kung'aa peke yake hakuna maana. Katika matoleo yaliyoanza 2023, kila pakiti ya Kiingereza ina kadi zisizopungua tatu zinazong'aa, kwa hiyo anayekuambia "hii inameta, ni ya gharama" ama hajui ama anajua sana. Tazama pia namba: ukikuta ya kwanza inaizidi ya pili, mfano 201/165, hiyo ni ya ziada nje ya hesabu ya toleo, na ndizo wakusanyaji wanazozifukuzia.

Umesikia habari za mamilioni, najua. Ni kweli, mwaka 2021 Logan Paul, Mmarekani maarufu wa YouTube, alitoa dola 5,275,000 kwa kadi moja, Pikachu Illustrator, iliyotolewa kwa washindi wa mashindano ya uchoraji ya jarida moja la Japani miaka ya 1997 na 1998. Na mwaka 2023 Makumbusho ya Van Gogh kule Amsterdam yaligawa kadi ya Pikachu aliyevaa kofia ya kijivu, watu wakafurika mpaka makumbusho yakaacha kuigawa kwa sababu ya usalama. Hayo ni mambo ya kusimuliana. Anayekuuzia kadi ya mtoto kwa maneno kwamba "itapanda bei", muulize kwa nini yeye anaiuza.

Ya nne: Elite Trainer Box

Ni boksi zuri, silikatai. Matoleo ya karibuni huwa na pakiti 9, mifuko 65 ya kuvalisha kadi, kete, na kadi za nishati, zile zinazokipa kijidude nguvu ya kupiga. Bei yake Marekani mwaka 2023 ilikuwa dola 49.99, na pakiti moja dola 4.49. Piga hesabu: pakiti tisa ni dola 40.41, kwa hiyo hiyo tisa na ushee inayobaki ndiyo ya boksi, mifuko na kete. Kwa anayecheza tayari, ni halali yake, na lile boksi lenyewe linakuwa kabati la kadi kwa miaka. Kwa anayeanza ni hasara: ataambulia kadi 90 mchanganyiko ambazo hazipangiki zikawa seti ya kuchezea, halafu atakuuliza, "Mjomba, sasa nacheza vipi?"

Huku kwetu bei hupanda maradufu, na toleo likiwa na jina kubwa hata Marekani hulipati kwa hiyo bei. Mwaka 2021 walanguzi walizidi mpaka maduka ya Target yakasitisha kuuza kadi kwa muda, baada ya watu kupigana nje ya duka moja Wisconsin.

Ya tano: mkebe

Pakiti chache na kadi moja maalumu. Unanunua mkebe. Unafaa kuwekea sindano na uzi.

Ya mwisho: pakiti moja moja

Kadi 10 gizani, au 5 kama ni ya Kijapani. Mkono wa mtoto unatetemeka, karatasi inachanika, anazipitisha haraka akiitafuta ya nyuma. Nimeiona hiyo sura kwa watu wazima, kwenye mikeka ya mpira. Mwaka 1999 kuna wazazi Marekani waliokwenda mahakamani wakisema hii ni kamari, na mwaka 2001 mashekhe wa Saudi Arabia walitoa fatwa ya kuukataza mchezo huu, kamari ikiwa mojawapo ya sababu. Sitoi fatwa mimi. Nasema tu kwamba hela iliyokwenda kwenye pakiti sita ingetosha seti nzima ya kuchezea.

Kama raha yake iko kwenye kule kufungua, kuna programu ya simu, Pokémon TCG Pocket, iliyotoka Oktoba 2024, inayotoa pakiti mbili bure kila siku. Zima uwezo wa kununua kwanza, ndipo umpe simu.

Nje ya orodha: za dhahabu

Hakuna pakiti halali ya kadi 55 za dhahabu tupu. Zipo kadi chache halisi za chuma, ziko kwenye maboksi maalumu ya bei mbaya, hazining'inizwi dukani pamoja na vibanio. Kwa zile feki za karatasi, zinazofanana zaidi, chukua kadi moja unayoiamini na uziweke sambamba. Ya kweli ni milimita 63 kwa 88. Buluu ya mgongoni haijapauka. Herufi hazijanenepa. Kisha washa tochi ya simu nyuma yake: halisi ina tabaka jeusi katikati na huzuia mwanga, feki nyingi hupitisha kama pazia la jikoni.

Zile 55 zangu hazikutupwa. Dada yake mdogo amezifanya noti za duka lake la uani. Nyanya moja ya matope, Charizard wawili, na chenji hana.