Jairo ya helikopta ya rimoti: ipi ununue ukiwa Uganda

Mkia ukianza kutikisika ukiwa kiwanjani nje ya Mukono, hakuna duka jirani la kukimbilia. Kwa hiyo orodha hii ya jairo, yaani visanduku vya kutuliza helikopta, haifuati inayoruka vizuri kuliko zote. Nimepanga kwa swali moja tu: utaweza kuirekebisha mwenyewe, palepale kwenye nyasi?

Helikopta za zamani zilitulizwa na fimbo ndogo yenye vibawa juu ya panga. Siku hizi fimbo imeondolewa, na jairo yenye vihisi vya mihimili mitatu ndiyo inayoziamuru servo, yaani mota ndogo zinazosogeza panga na mkia.

1. Radiomaster Nexus. Inaendeshwa na Rotorflight, programu huria iliyotokana na Betaflight ya droni. Ukiwa na rimoti inayotumia programu ya EdgeTX, unabadilisha mipangilio kwenye skrini ya rimoti yenyewe, na kompyuta inabaki nyumbani. Ubaya wake ni wingi wa vitu vya kuchezea. Siku za mwanzo gusa gaini tu, yaani ukali wa jairo katika kurekebisha; mengine yaache.

2. Microbeast Plus ya Ujerumani. Kama rimoti yako ni ya zamani, anza na hii. Unaipanga kwa kitufe, taa na fimbo za rimoti, kisha uwanjani unazungusha vidude vitatu kwa bisibisi ndogo. Ukurasa wa menyu uchapishe Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, uutie mfukoni; bila herufi zake, taa zile ni mapambo.

3. Spirit ya Jamhuri ya Cheki. Nzuri, na ukiwa na rimoti ya Jeti ipandishe hadi juu.

4. VBar NEO ya Mikado. Tamu kuliko zote angani, sibishi. Lakini utamu wenyewe unakuja na rimoti yake, na hapo mfuko unalia.

Nakala za bei chee zisizo na jina sizipi hata namba.

Yoyote utakayochukua, kabla ya kulipa angalia servo yako ya mkia inatumia mapigo ya maikrosekunde 1520 au 760. Mimi niliiwekea 760 servo ya 1520, nikanusa moshi kabla hata ya kuruka. Kosa lilikuwa langu.

Kisha chomoa waya za mota, inamisha pua ya helikopta mbele kwa mkono. Sahani ya chini ya panga inatakiwa ilale nyuma, kupinga ulichofanya. Ikilala mbele, geuza mwelekeo kwenye mipangilio, la sivyo itapinduka ikiinuka tu. Mkia nao ujaribu hivyohivyo: zungusha pua, uone kama unapinga.

Ukisharuka, mkia ukitetemeka harakaharaka punguza gaini. Ukiyumba polepole au pua ikipitiliza unapoachia fimbo ya rimoti, ongeza kidogo kidogo. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, nasi huongeza mzunguko wa panga ili kufidia. Mzunguko ukipanda, gaini aliyokupa rafiki wa Mombasa inaweza kuwa kubwa mno. Anza chini yake.

Kabla ya kuagiza, ulizia kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na ushuru wa forodha. Na agiza gundi ya pande mbili ya ziada. Ile inayokuja na kisanduku hulainika juani, na jairo iliyolegea haina gaini itakayoiponya.