Matembezi ya Schöneberg: historia iliyonyamaziwa, mtaa kwa mtaa

Nilipokuwa Berlin nilijiunga na matembezi ya kuongozwa ya saa mbili kuhusu historia ya wapenzi wa jinsia moja katika eneo la Schöneberg, nami ningeyarudia kesho nikipata nafasi.

Tulianzia kituo cha treni cha Nollendorfplatz, ambako ukutani pamewekwa tangu mwaka 1989 jiwe la pembetatu ya rangi ya waridi, alama ambayo Wanazi waliwashonea kwenye nguo wanaume waliofungwa kambini kwa kuwapenda wanaume wenzao. Maandishi yake ni machache: waliuawa kwa kipigo, kisha wakanyamaziwa. Chini yake palikuwa na maua yaliyokwisha kunyauka. Kila treni ilipopita juu yetu kiongozi alilazimika kusita, na kwa kuwa kundi lilikuwa kubwa mno, sisi tuliosimama nyuma tulikosa mengi.

Barabara ya Motzstraße ilifidia hayo. Mbele ya jengo lililokuwa na Eldorado, ukumbi wa burudani za usiku uliopendwa na wapenzi wa jinsia moja, kiongozi alitupa picha ya Machi 1933 tuipokezane: bango la ukumbi bado lipo mlangoni, lakini madirisha yamefunikwa kwa mabango ya Hitler na alama za chama chake. Nilitazama picha, nikatazama kona ileile, na sikuhitaji maelezo zaidi.

Ninachokisifu kuliko vyote ni kwamba simulizi haikukomea mwaka 1945. Kifungu cha 175, kilichoharamisha mapenzi kati ya wanaume, kilichoanzia sheria ya mwaka 1871 na kukazwa na Wanazi mwaka 1935, kiliachwa vilevile Ujerumani Magharibi hadi 1969, hata mtu aliyetoka kambini akiwa hai aliweza kushtakiwa tena kwa maneno yaleyale. Kilifutwa kabisa mwaka 1994, na hukumu zilizotolewa baada ya vita zilitenguliwa mwaka 2017, wakati wengi wa waliohukumiwa walikuwa wamekwisha kufa.

Wanawake, kwa masikitiko yangu, walipewa nafasi finyu. Kumbukumbu ya Hilde Radusch, diwani Mkomunisti aliyefungwa mwaka 1933 na aliyeishi waziwazi na wapenzi wake wa kike, tuliipita kwa haraka kana kwamba ni kituo cha basi. Ukienda, simama karibu na kiongozi tangu mwanzo, na mkifika hapo mwombe asimame akusimulieni habari zake.